Mfalme, Ajali na Miungu: Tahakiki ya Istilahi za Hadithi za Kiyunani

Mwaka 1971 shirika la Oxford University Press lilitoa Mfalme Edipode, tamthilia ya Sophocles iliyofasiriwa na Samuel Mushi, ambaye kabla ya hapo alikwisha kutupatia Makbeth na Tufani za Shakespeare. Tangu wakati huo, kila wapenzi wa Kiswahili wakutanapo kuvizungumzia vitabu vyenye asili ya Uyunani ya kale, mazungumzo hayachelewi kugeuka ubishi juu ya majina. Je, tuandike Edipode au Oedipus? Yule baharia aliyepotea miaka kumi akitafuta kwao aitwe Odisei, Odiseo au Ulise? Na Homer je, ambaye tukimtamka kwa sauti zetu wenyewe twaweza kumgeuza ugonjwa wa homa? Ubishi huo una utamu wake, nasi tumeushiriki katika vikao vingi. Hata hivyo, katika makala haya twakusudia kudai kwamba umetupotezea wakati. Kasoro kubwa haimo katika majina, ambayo kila msomaji huyaona kuwa ni mageni na hivyo hujihadhari nayo. Imo katika maneno tusiyoyatazama mara mbili kwa kuwa twadhani tunayo tangu zamani: mfalme, shujaa, ajali, miungu. Hayo tuliyatambua tulipokuwa Iringa na Mbeya, tulikokwenda kukusanya msamiati, tukiwa na rasimu ya orodha yetu ya istilahi za fasihi ya kale mkobani.

Habari ya majina tuimalize upesi. Majina ya Kiyunani yameingia katika Kiswahili kwa milango mitatu. Wa kwanza ni wa pwani. Utendi wa Tambuka, uliotungwa na Mwengo wa Athumani mwaka 1728, wamhusu Herekali, Kaisari wa Rumi, ambaye katika tarihi ndiye Heraclius, mtawala wa dola iliyotumia lugha ya Kiyunani. Basi mtu wa ulimwengu huo alikwisha kuwa mhusika wa utendi wa Kiswahili miaka 243 kabla ya Edipode kupigwa chapa. Mlango wa pili ni Biblia. Katika Biblia ya Union ya mwaka 1952 watu wa Listra wanawadhania Barnaba na Paulo kuwa Zeu na Herme, na watu wa Efeso wanampigia kelele Artemi wao. Wa tatu ni wa wamisionari wa Kiingereza na shule zao: kitabu cha Charles Kingsley cha mwaka 1856, chenye habari za Perseus, Theseus na wasafiri wa merikebu Argo, kiliingia katika lugha yetu mapema kwa jina la Mashujaa. Kila mlango una tahajia yake. Kwa maoni yetu, majina yaliyokwisha kukaa katika Biblia na katika tendi yaachwe yalivyo, na mengine yatapata umbo lake kwa kutumiwa. Umbo Edipode lenyewe, ambalo wapo wanaolicheka kwa kuwa halifanani na la Kiingereza, limeshika shina la Kiyunani lenye sauti d, linaloonekana wazi jina hilo linaponyambuliwa. Mfasiri hakukosea hata kidogo.

Twaongeza jambo moja tu. Iringa palikuwa na walowezi wa Kigiriki waliolima tumbaku, na wazee wangali wakiwakumbuka. Kwa wazee hao Mgiriki ni mwenye shamba na mtambo wa kukaushia tumbaku. Myunani ni mtu wa Nyaraka za Paulo. Mzee mmoja alituuliza, kwa mshangao usio wa kuigiza, kama ni kweli kwamba hao ni kabila moja. Ndiyo sababu katika makala haya tumeshika Kiyunani kwa mambo ya kale, ingawa nchi yenyewe leo twaiita Ugiriki. Na kwa wale wanaodhani kwamba jina geni sharti liandikwe kwa sauti zake, tungependa kuwakumbusha kwamba Wagiriki wenyewe, kanisa lao la Orthodoksi lilipohitaji jina la jimbo lake la Dar es Salaam, waliliita Irinoupolis, yaani Mji wa Amani. Hawakuandika sauti, walifasiri maana.

Sasa tuje kwenye neno mfalme. Jina la Kiyunani la tamthilia hii ni Oidipous Tyrannos. Wataalamu wanabisha iwapo Sophocles mwenyewe ndiye aliyelitoa, na ni kweli kwamba washairi mara nyingine walimwita tyrannos mtawala yeyote. Lakini maana yake ya kawaida katika siku hizo ilikuwa mtu aliyeshika utawala pasipo kuurithi, awe mwema au mbaya; aliyerithi alikuwa basileus. Edipode anaingia Thebe kama mgeni, anafumbua kitendawili cha jitu lililokuwa likiwala wenyeji, naye anapewa kiti kwa shukrani. Mwisho wa mchezo inagunduliwa kwamba kiti hicho ni chake kwa urithi, kwa kuwa yeye ni mwana wa Laio aliyemtangulia. Ugunduzi kwamba yeye ni mrithi halali ndio huo huo unaomwangamiza. Mtu akiitwa mfalme tangu kwenye jalada, nusu ya mzaha huo mchungu imekwisha kupotea kabla pazia halijafunguliwa.

Tulilifikiria jambo hili tukiwa Kalenga, makao ya Mkwawa, mahali ambapo tofauti hiyo haihitaji kueleza. Munyigumba, aliyewaunganisha Wahehe, alipofariki, Mwambambe, mtu wake mkubwa asiyekuwa wa ukoo wa utawala, aliutwaa utawala. Mkwawa akakimbilia Ugogo, akarudi, akapigana naye, akamshinda. Anayeisimulia habari hiyo leo hamwiti Mwambambe kwa neno lile analomwitia Mkwawa. Mkwawa ni mtwa. Mwambambe alitawala, basi. Hapa pana tyrannos na basileus katika kisa kimoja, na msimulizi anawapambanua bila kamusi. Hatusemi kwamba Edipode aitwe mtwa. Neno hilo ni mali ya Wahehe, kama malafyale alivyo wa Wanyakyusa, na mgeni wa Thebe hana haki ya kulivaa. Wala hatutaki jalada la Mushi libadilishwe, kwa kuwa limekwisha kuzoeleka. Twasema tu kwamba mfasiri ajaye atafute njia ya kuwafanya watu wa Thebe wamwite Edipode mtawala katika sehemu ya kwanza ya mchezo, na neno mfalme litunzwe hadi pale mchungaji mzee atakapofumbua kinywa.

Neno shujaa linatutia taabu zaidi, na kwa hili ni bora tukiri tangu sasa kwamba hatukulimaliza. Neno hili tulilitoa katika Kiarabu, nalo lasifu moyo wa mtu: shujaa ni mtu asiyeogopa. Siku ya Mashujaa, tarehe 25 Julai, twawakumbuka waliokufa wakilipigania taifa. Katika Kiyunani heros hakuitwa hivyo kwa ujasiri peke yake. Katika ibada yao heros alikuwa mtu aliyekufa, mwenye kaburi mahali panapojulikana, akimwagiwa sadaka, na mwenye uwezo wa kuilinda ardhi aliyozikwa au kuidhuru. Sophocles aliandika tamthilia nyingine juu ya uzee wa Edipode, na jambo linalogombewa humo ni hili: maiti wa kipofu huyu atalala katika ardhi ya nani? Mtu huyo, aliyejitoboa macho na kufukuzwa mjini, hafanani na shujaa wetu wa magwaride. Lakini ni heros.

Msomaji wa Kiswahili anayesoma kwamba Utendi wa Iliadi, wenye mistari zaidi ya 15,000, haumaliziki kwa kuanguka kwa Troya bali kwa mzee Priamo kwenda usiku kuikomboa maiti ya mwanawe Hektori, aweza kudhani kwamba mtunzi alichoka. Msomaji wa Iringa hatadhani hivyo. Mkwawa aliwashinda Wajerumani Lugalo tarehe 17 Agosti 1891. Ngome yake ya Kalenga ilivunjwa Oktoba 1894. Naye akajiua tarehe 19 Julai 1898 ili asikamatwe. Kichwa chake kilichukuliwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, uliogawanya dunia na kuhesabu fidia za vita vikubwa, ulikuwa na kifungu, cha 246, kilichodai kichwa hicho kirudishwe. Kilirudishwa tarehe 19 Juni 1954, kwa mkono wa Gavana Twining, nacho kimehifadhiwa Kalenga. Miaka hamsini na sita! Mambo haya hayaelezeki kwa neno linalosifu ujasiri peke yake; ujasiri wa Mkwawa ulikuwa umekwisha kujulikana Ulaya nzima, na haukuhitaji mfupa kuuthibitisha. M. M. Mulokozi, ambaye amewafundisha wengi wetu kwamba Afrika ina tendi zake, aliichukua habari ya Mkwawa katika tamthilia yake Mukwava wa Uhehe ya mwaka 1979, na twadhani haikuwa bahati nasibu kwamba mhakiki wa tendi ndiye aliyeona kwamba humo mna jambo la kutungia.

Je, heros tumwite mzimu? Maana yakaribiana sana: aliyekufa, kaburi, tambiko, ulinzi. Tulilipendekeza neno hilo mbele ya watu wachache pale Kalenga, nao walilikataa kwa upole. Walisema kwamba mzimu ni jambo la nyumbani na la ukoo, na kwamba siku hizi kanisani neno hilo lina harufu mbaya. Tulipowauliza kama basi shujaa linatosha, walinyamaza.

Barabara itokayo Iringa kwenda Mbeya yapita Makambako, mji ambao hadi mwaka 2012 ulikuwa ndani ya Mkoa wa Iringa, na hapo ndipo njia ya tatu inapochepuka kuelekea Njombe na Songea. Tunalitaja hilo kwa sababu Edipode alimwua baba yake mahali panapokutana njia tatu, katika ugomvi wa kupishana: gari la mzee halikumpisha kijana, na kijana hakumpisha mzee. Kiswahili hapa kina neno bora kuliko linalohitajika. Njia panda kwetu si makutano ya barabara tu; ni mahali pa kutupia kafara na nuksi, mahali ambapo mtu mwenye akili haokoti kitu. Mfasiri akiandika njia panda, hahitaji kuongeza hofu, maana hofu imo.

Katika shule moja ya sekondari ya Iringa tulisoma sehemu hiyo pamoja na wanafunzi. Tulipouliza ni nini kilichomfikisha Edipode kwenye mauaji yale, kijana mmoja alijibu kwamba ilikuwa ajali ya barabarani, na darasa zima likaangua kicheko. Tulicheka nao. Baadaye, ndani ya basi, hatukucheka tena. Ajali katika tendi zetu za zamani ni muda wa mtu uliokwisha kukadiriwa, siku yake isiyosogezwa mbele wala nyuma; hiyo ndiyo maana iliyokuja nalo kutoka Kiarabu. Katika magazeti ya leo ajali ni lori lililokatika breki kwenye mteremko wa Kitonga, yaani tukio ambalo lingeweza kuzuiwa na ambalo polisi wanachunguza chanzo chake. Neno moja limehama kutoka upande wa lisiloepukika hadi upande wa lililopaswa kuepukwa. Kijana yule alikusudia maana ya pili, na bila kujua akaitaja ya kwanza, ambayo ndiyo tamthilia yenyewe.

Pamoja na hayo, ajali haiwezi kuwa istilahi ya moira, kwa kuwa maana yake ya leo imekwisha kuifunika ile ya zamani. Rasimu yetu ilikuwa imeandika kadari, na pembeni majaliwa. Maneno hayo ni mazuri, lakini yote mawili yana mwenyewe: kadari ni ya Mungu, na aliyejaliwa amejaliwa na Mwenyezi. Kwa Wayunani moira haikuwa zawadi ya Zeu. Katika Iliadi Zeu anatamani kumwokoa mwanawe Sarpedoni vitani, lakini fungu la kijana limekwisha kupangwa, na baba analia machozi ya damu. Tumekwisha kulitumia neno lenyewe hapo juu bila kulitangaza. Moira, asili yake, ni sehemu anayopata mtu katika mgawanyo, kama nyama au shamba. Hilo kwetu ni fungu. Ni neno la Kibantu, lajulikana sokoni na mezani, na tayari limo katika msemo wa mtu wa fungu la kukosa, ambao hautaji kabisa ni nani aliyegawa. Tulikuwa tumepita juu yake kwa sababu lilionekana dogo mno kuwa istilahi.

Mbeya ilituvunja moyo, na kisha ikatufaa. Twaanza na sarufi, kwa kuwa ndiyo kazi yetu. Neno miungu lina sura ya ngeli ya miti, na Biblia ya Union inalipatanisha hivyo: miungu mingine, kama miti mingine. Kwa sanamu za miti na mawe upatanisho huo unafaa, na bila shaka ulikusudiwa. Lakini katika tamthilia na tendi za Kiyunani miungu wanasema, wanakasirika, wanadanganyana, wanapigana upande huu na ule. Tukiandika kwamba miungu ilikasirika, tumekwisha kumwambia msomaji kwamba waliokasirika si nafsi. Tukiandika miungu walikasirika, tumewapa uhai. Vitabu tulivyonavyo vinachanganya. Tunapendekeza kwa nguvu zote kwamba katika hadithi za aina hii upatanisho wa viumbe hai ndio utumike daima. Mfasiri asimalize kwa kiambishi ubishi ambao mtunzi ameuacha wazi.

Huko Rungwe jambo hili si la vitabu. Monica Wilson, aliyeishi na Wanyakyusa katika miaka ya 1934 hadi 1938 na kutoa kitabu juu ya matambiko yao mwaka 1959, ameeleza habari za Lwembe wa Lubaga, ambaye alikuwa mtu na wakati huo huo alikuwa zaidi ya mtu, na habari za Kyala, ambaye pango lake liko kando ya Ziwa Nyasa karibu na Matema. Wamisionari walipotafuta neno la kumtaja Mungu katika Kinyakyusa walilichukua jina la Kyala. Mbasi, aliyekuwa katika kundi hilo hilo la watajwa, Wakristo walimfanya Shetani. Wawili waliotoka mlango mmoja, mmoja akapanda juu, mwingine akashuka chini, kwa kalamu ya mfasiri.

Rasimu yetu ilikuwa na kidahizo kisasili, neno lililoundwa kwa kuunga kisa na asili ili kutaja masimulizi ya chanzo cha ulimwengu, miungu na desturi. Mbele yake tulikuwa tumeandika mifano: Zeu, Apolo, Lwembe, Kyala. Tuliisoma kwa sauti mbele ya walimu kadhaa huko Tukuyu, tukitarajia kusifiwa kwa kuikumbuka Nyanda za Juu Kusini. Mwalimu mmoja mwanamke alituuliza kwa adabu kubwa kama tulijua kwamba asubuhi ile, kabla ya kuja kikaoni, alikuwa amesali kwa jina la mfano wetu wa nne. Hatukujua. Yaani tulijua, maana tulikuwa tumemsoma Wilson, lakini hatukuwa tumelifikiri. Kwa orodha ile, mama huyo alikuwa amekiomba kisasili chakula chake cha kila siku.

Kosa lilikuwa letu, na halikuwa la kumsahau mtu, bali la kudhani kwamba istilahi ya fasihi haina dini. Neno kisasili halikukusudiwa kusema kwamba habari ni ya uongo. Hata hivyo shuleni ndivyo linavyosikika, na Zeu haumii kwa kuwa hana tena wa kumsalia. Twapendekeza kwamba kisasili kitaje simulizi tu, yaani kisa kinavyosimuliwa, na kamwe kisimtaje mhusika. Tutasema kisasili cha kuzaliwa kwa Zeu. Hatutasema kwamba Zeu ni kisasili, wala Kyala, wala mwingine yeyote.

Kikao hicho hicho ndicho kilichotupa somo jingine tusilolitafuta. Katika tamthilia ya Sophocles jambo la kutisha kuliko mauaji ni kwamba Edipode amemwoa mama yake. Tulikuwa na hofu kwamba neno maharimu, lililo la fikihi, lingekuwa baridi kwa wasomaji wa huko. Wenyeji wetu waliifikia hofu yenyewe kabla ya neno. Wanyakyusa wa zamani walikuwa na vijiji vya rika: mvulana wa miaka kama kumi hivi aliondoka kwa baba yake akaanza kujenga na wenzake wa umri wake, na sababu waliyoitoa, kama Wilson alivyoiandika katika kitabu chake cha mwaka 1951, ilikuwa heshima, yaani kuitenga ndoa ya wazazi na macho ya watoto wao wanaokua, na kumtenga mkwe wa kike na baba wa mume. Kwa watu ambao babu zao walivipanga vijiji vizima ili jambo hili lisitokee, Thebe si mji wa mbali. Mwalimu mmoja mzee alisema kwamba kosa la Laio lilikuwa kumpeleka mtoto mlimani afe, badala ya kumpeleka kwenye kijiji chake mwenyewe. Hatujakutana na tahakiki ya Edipode inayoanzia hapo, nasi tungefurahi kuipokea kwa ajili ya kurasa hizi.

Orodha imekwisha kurekebishwa. Mbele ya moira pameandikwa fungu. Mbele ya tyrannos pameandikwa mtawala, na maelezo ya mistari miwili. Miungu imepewa upatanisho wa viumbe hai, na mifano ya kisasili imebaki miwili. Mahali pa heros tumelifuta shujaa na hatujaandika neno lingine. Wasomaji wa Kalenga, Mlambalasi, Lubaga na kwingineko wenye neno linalomtaja aliyekufa ambaye kaburi lake hugombewa, waandike kwa mhariri, wakitaja pia neno hilo hutumiwa na nani, na wakati gani hawalitamki.